Ukuta wa Chumvi na Barua ya Marehemu

“Dada, huo ukuta wenyewe umeugusa?” Mkaguzi wa majengo aliniuliza hivyo mbele ya mkutano mzima wa mtaa pale Bwera, nami, mwenye digrii na mdomo, nikamjibu kwa kanuni. Naona haya hata kuisimulia habari hii, na mkinicheka sitawalaumu, maana siku ile mimi ndiye niliyewachekesha watu.

Ilikuwa mwaka uliofuata mafuriko ya mto Nyamwamba katika wilaya yetu ya Kasese. Nilikuwa nimemaliza chuo Kampala, sina kazi, nakaa kwa shangazi yangu Masika na kubishana na kila kitu: mahubiri, bei ya nyanya, taarifa ya habari. Shangazi alikuwa mjane, akiuza chumvi ya Katwe kwa akina mama wa ng'ambo ya mpaka, na magunia yake yaliegemea ukuta wa nyuma wa stoo ile ile tangu sijazaliwa. (Chumvi hunywa unyevu, na matofali hunywa chumvi, lakini hayo nayajua leo.)

Baada ya mafuriko wakaguzi walianza kupita wakitazama majengo. Wa kwetu, Bwana Thembo, aliizunguka stoo, akachora X nyekundu ukutani, akaacha barua: jengo ni hatari, wahame ndani ya siku kumi na nne. Shangazi aliikunja, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaendelea kupima chumvi. Mimi nikaiomba niisome. Laiti ningekwenda kuosha vyombo. Barua ilikuwa imeandikwa kwa jina la mume wake, ambaye tulimzika miaka sita nyuma.

Nikazitafuta kanuni kwenye simu, nikazisoma zote: mwenye jengo aandikiwe notisi, apewe siku, asikilizwe. Kwa hiyo Jumapili, mwenyekiti alipouita mtaa baada ya ibada, sikuuliza habari za ukuta, nilisimama na barua.

“Bwana mkaguzi, hii umemwandikia nani?”

“Mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba yuko makaburini. Nenda kamwambie ahame.”

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mama Kavira, mteja wa shangazi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, alijipangusa machozi. “Huyu mutoto iko na mudomo. Masika, ulimusomesha kweli.”

Bwana Thembo alingoja kicheko kiishe, ndipo akaniuliza lile swali. Nikasema kanuni hazinitaki nikapapase kuta, wakacheka tena, na mwenyekiti akaamua barua iandikwe upya na siku zihesabiwe upya.

“Sawa, mwenyekiti,” Bwana Thembo akasema. “Lakini ukuta hausomi barua.”

Shangazi hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Ningeishia hapo, lakini nikaomba kitambaa na mafuta ya taa, nikaenda kuifuta ile X kwa mkono wangu, nusu ya mkutano ikinifuata. Niliposugua, tofali likamomonyoka vidoleni kama ganda la mandazi ya juzi, unga mweupe ukanijaa kiganjani, nikauonja, ukawa chumvi. Basi, ukuta nilikuwa nimeugusa. Ningeweza kugeuka na kulisema, lakini watu walikuwa wananitazama, wengine wananipiga picha, nikajifuta mkono kwenye sketi na kuendelea kusugua.

“Unaona, shangazi?”

“Naona, mwanangu.”

Siku ya tisa baada ya mkutano ilikuwa ya soko, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Nilikuwa kwa muuza chapati, naigiza mwendo wa Bwana Thembo kwa mara ya sijui ngapi, nimefika pale pa “mwenye nyumba yuko makaburini”, tukasikia mshindo kama lori linamwaga mawe, na vumbi jeupe likapanda upande wa stoo. Wote waliokuwa wakinicheka waligeuka kutazama vumbi, kisha wakanitazama mimi, na chapati yangu mkononi.

Nilipofika, Bwana Thembo alikuwa ameshatangulia, anatoa matofali kwa mikono mitupu. Barua mpya, yenye jina la shangazi lililoandikwa sawasawa, ilichungulia mfukoni mwa shati lake. Alikuwa njiani kuileta. Nilingoja anitukane. Ingenisaidia.

“Shika upande huo, dada,” akasema, basi.

Shangazi alikuwa amebanwa na magunia na matofali kuanzia gotini kushuka chini. Alinusurika, lakini mguu ule haukukunjika tena, na chumvi ikaishia hapo. Siku hizi anauza nyanya akiwa ameketi, mguu umenyooshwa mbele yake, wateja wanaukwepa. Mimi bado nauliza kila kitu, sikuacha, ila nimejiapiza sitasimama tena kutetea kitu ambacho sijakishika, wala kunyamazia nilichokishika.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa Kinyamaseke, mji wa jirani, mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha akasikia mimi ni wa kwa Masika wa chumvi, akauliza hali ya mguu. Ndipo akaniambia jambo ambalo shangazi hajaniambia mpaka leo: kwamba wiki ile ile ya barua ya kwanza shangazi alikuwa ameshachukua kwake ufunguo wa stoo nyingine, lori limeshapatikana, ahamie Jumanne. Jumapili jioni, baada ya mkutano, akaurudisha. Alisema mtoto wake ameshinda mbele ya watu, na yeye akihama atamtia aibu.