Vifurushi vya Futari vya Abubakar

Abubakar alikuwa mbishi, na ubishi huo aliurithi pamoja na duka. Babu yake alitoka Pwani na misafara ya biashara, akaoa hapo mtaani Kamwokya, akasahau kurudi.

Mwaka ule, wanajeshi wakiwa ndio serikali, sukari ilikuwa adimu kuliko ukweli. Serikali ilipanga bei, nayo sukari ikakimbilia kwenye magendo. Nashon, mwalimu wa uchumi kutoka Kenya, alimweleza jambo hilo akiwa ameegemea kaunta.

"Mzee, wanaotaka ni wengi, kilichopo ni kidogo. Huo ndio uhaba. Zamani bei ingepanda, wengine wakajitoa wenyewe. Sasa bei imefungwa kamba, basi anayepata ni mwenye kuwahi au mwenye bunduki."

"Kwangu mimi anapata jirani, Mwalimu. Sukari ikija, hata wewe usiyefunga, fungu lako limo."

Ramadhani ilipoandama alibahatika kupata gunia moja. Akafanya kama alivyomwona baba yake akifanya: akaligawa katika vifurushi vya karatasi, kimoja kwa kila nyumba ya mtaa, akavipanga chini ya kaunta, chini ya mkeka. Mgeni aliyetaka kilo nyingi aliambiwa hakuna. Roho yake ilitulia kabisa, kwa kuwa uji wa futari wa mtaa mzima ungekuwa mtamu. Masikini, hakufikiri kwamba askari hajui desturi ya mtu kumwekea jirani.

Askari walikuja na lori alasiri.

"Sukari iko?"

"Hakuna, afande." Ulimi ulishazoea.

Afande akafunua mkeka kwa buti. "Wewe nalangua! Mutu kama wewe napigwa risasi!"

"Ni vya majirani, afande. Waulize."

Afande akawageukia watu waliokwisha kujaa mlangoni. "Sukari hii ya nani?"

Abubakar akamtazama Nashon, aliyekuwa mbele yao. Mwalimu akatazama viatu vyake. Kukiri kwamba kifurushi kimoja ni chako ilikuwa sawa na kupanda lori pamoja na mlanguzi, na Mkenya siku zile hakuwa na wa kumtetea. Abubakar aliyajua yote hayo, na bado moyo ulimuuma vibaya. Majirani wakarudi nyuma hatua moja.

Askari wakamtupa ndani ya lori. Afande akavitoa vifurushi barazani, akatangaza kwamba vinauzwa kwa bei ya serikali. Mstari ukajipanga papo hapo, ukafika hadi kwa fundi baiskeli. Nashon alikuwemo. Hata waliokuwa wakifuta machozi walikuwemo, kila mmoja ameshika kopo lake.

Lori likaondoka. Shamsia, mke wa Abubakar, akachomoka uani miguu mitupu, akapita mbio kando ya mstari akiliita jina la mumewe. Abubakar aliona mkono ukitoka kwenye mstari na kumdaka mtandio.

"Mama, rudi nyuma! Sote tunataka sukari."