Springi ya Mbele

Mpaka leo nikisikia harufu ya chuma chenye kutu kikichomelewa, hujikuta nimesogea ukutani. Hunirudisha mtaani Kibokoni, miaka ya tisini, kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya nyumba yetu, ambako babangu alikuwa akilifufua gari kuukuu aliloachiwa na babake.

Chumvi ya bahari ilikuwa imelila kwa chini kimyakimya, hata fremu ukiigusa kwa bisibisi inamomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai. Baba alizikata sehemu zilizooza, akachomelea chuma kipya. Hayo hayakunitisha. Kilichonitisha ni springi za mbele, zile nene zinazobeba uzito wa injini.

"Zuhura, ikibanwa kisha ikaponyoka, huruka kama risasi," aliniambia. Tangu hapo nikawa napita kiwanjani mgongo ukiambaa ukuta.

Jumapili moja asubuhi alianza kuirudisha springi ya kulia. Aliifunga mnyororo, akaibana kwa jeki, na mama akashika mpini. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa nyumba nikichagua mchele. Nikasikia mnyororo ukilia, mlio mwembamba, kisha kishindo. Springi ilimpita baba karibu na sikio, ikatoboa mlango wa mabati wa jikoni.

Baba aliketi chini akilipapasa sikio lake kama haamini lipo. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa, na hapo ndipo hofu iliponiingia mifupani. Ikiwa yeye anaogopa, nani atatulinda?

"Basi," alisema. "Na lioze."

Mama aliingia jikoni, akatoka ameikumbatia ile springi kama mtoto mchanga. Akaiweka mbele ya baba.

"Babake Zuhura, katafute mnyororo mwingine. Leo hii."

"Mama, mwache," nililia. Nilimwona katili.

Baba akaenda Liwatoni kwa wavuvi, akarudi na mnyororo mnene wa kuvutia mashua. Mara hii aliuzungusha mara mbili. Mama alishika tena mpini, midomo ikisoma Ayatul Kursi, ile aya ya kinga. Nilifumba macho, nikaziba masikio. Nilipofumbua, springi imekaa mahali pake, na baba anajifuta grisi na machozi kwa kitambaa kimoja.

Miaka mingi niliamini kwamba mamangu hajui hofu. Nilikuwa na wanangu mwenyewe aliponiambia kuwa siku ile alisali Magharibi ameketi, kwa sababu magoti yalikataa kumbeba.

"Mbona basi ukamlazimisha?"

"Babangu mimi alianguka mnazi siku moja, wala hakuumia. Akaacha kupanda minazi. Kisha akaacha ngazi. Kisha akaacha kuvuka feri. Mwisho akawa hatoki barazani."

Nilimkumbuka babu yule, na kanzu yake nyeupe, akitutazama watoto tukikimbia kwenda sokoni. Siku zote nilidhani anapenda tu kukaa.