Kasri la Carmelina

Kanisani nilikuwa nimeshatangaza kwamba Carmelina, mtoto wa dada yangu, amegundua kasri la Warumi. Nani mwingine pale ana mpwa wa namna hiyo? Wenzangu wanao wapwa wa kompyuta tu, wamejaa hapa mjini kwetu Markham.

Kazi yake ni kutembea. Kila kiangazi huenda Italia, akajipanga mstari na wenzake, wakavuka mashamba yaliyolimwa huku wakiokota vigae vya vyungu vya kale. Palipo na vigae vingi, husema paliishi watu. Ndivyo alivyopata kasri lake, na sasa alitakiwa kulieleza mbele ya maprofesa ili apate shahada yake ya udaktari.

Jumapili, siku moja kabla ya mtihani huo, alizunguka sebule yangu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Keti, mama. Utatoboa zulia."

"Anko, hakuna kasri! Vigae vimetawanyika mno, na jiwe la ukuta hakuna hata moja. Wakulima wa kale walitupa vyombo vilivyovunjika kwenye samadi, wakaisambaza shambani. Miaka yote hii nimefuata samadi!"

"Basi nyamaza. Nani atakwenda kufukua?"

"Mimi nitajua."

"Na mimi je? Padri ameshaomba picha!"

Akacheka, akaketi, akalifuta kasri zima kwenye tasnifu yake.

Maprofesa walimhoji hadi jasho likamtoka, wakampitisha. Padri nikamwambia makasri ya Warumi kila mjinga anayaona. Samadi yao, mpaka uwe mpwa wangu.

Lakini kuketi bado hajaweza. Anazunguka tena sebuleni: samadi ile ilitoka kwenye zizi la nani?