Mwaka Nilioacha Nyama

Nilifika Kitengela nikiwa juu ya magunia ya maharagwe. Nilikuwa nimezurura Mbeya, Dodoma na Arusha nikifanya vibarua, mpaka dereva mmoja wa lori akakubali kunibeba. Tulilala Namanga, mpakani, tukingoja karatasi za mzigo, na njia nzima moshi mweusi ulinifuata huko juu.

Nilipanga chumba nje ya mji kwa mama mmoja wa Kimaasai, mjane, aliyekuwa na ng'ombe na mwanawe mkubwa wa kuwachunga. Nilimwita yeyo, yaani mama, kama mwanawe alivyomwita. Hata sasa nikisikia kengele ya ng'ombe popote, ninageuka.

Mvua ilipokosekana mara ya pili, nilisikia redioni kwamba gesi inayotoka tumboni mwa ng'ombe inaongeza joto duniani, na kwamba mtu akipunguza nyama atakuwa amesaidia. Nikaacha nyama. Sikuwa na shamba wala gari, lakini sahani ilikuwa yangu.

Mwanawe alicheka hadi akakaa chini. "Buda, umeokoka mpaka kwa nyama? Kwa hivyo hizi ng'ombe zetu zikijamba ndiyo mvua inakataa?"

Mama hakucheka. Asubuhi hiyo tulikuwa tumemwinua ng'ombe aliyeshindwa kusimama, mimi nikishika mkia, mwanawe pembe.

"Na mimi nikiacha maziwa," aliniuliza, "itanyesha?"

Hakuwa akinidhihaki. Alitaka jibu.

"Yeyo, sijui."

"Sasa umeacha ya nini, na hujui?"

Jioni nilipika maharagwe, na kila kijiko kikanikumbusha lile lori. Nilijaribu kulinganisha moshi wake na pumzi ya wale ng'ombe waliokonda, waliokula nyasi za hapo hapo, nyasi zilipokuwapo. Sikufika popote. Redio haikuwa imesema uongo, nadhani. Lakini ilikuwa inaongea na nani?

Yule ng'ombe tuliyekuwa tukimwinua akakataa kabisa kusimama, ikabidi achinjwe kabla hajafa. Mama akaniletea bakuli.

"Hii imeshakufa. Ukikataa, haitaamka."

Nilikula. Nyama ilikuwa ngumu, haina hata tone la mafuta. Sikujua kama nimekosea au nimefanya sawa, na mpaka leo sijui.

Ng'ombe wengine walikufa. Waliobaki waliuzwa sokoni Kajiado kwa bei ya kutupa. Mwanawe akaenda Namanga kubeba mizigo, na binti wa mama akamwita mama yake aende kuishi naye Kimuka.

Siku niliyoondoka, mama alikuwa bado hajahama, lakini boma lilikuwa tupu, samadi imekauka. Nilisimama pale na begi langu nikifikiri kwamba hapa sasa hakuna ng'ombe hata mmoja wa kutoa gesi.

"Takwenya, yeyo," nikamwamkia.

"Iko." Alikuwa ameinua uso, akiangalia upande wa Ngong, ambako mawingu hutokea. "Sasa ng'ombe haziko. Itanyesha?"

Nikamwambia tena kwamba sijui. Kisha nikaenda barabarani kungoja lori.