Kasa Hutaga Mfukoni

Katika miaka yangu yote ya kufundisha katika shule ya Kimuli, hakuna somo lililonichosha kama lile la kasa. Kitabu kilitaka watoto wajue kwamba kobe huyu wa baharini husafiri mbali sana, kisha hurejea kutaga katika ufuko uleule alikoanguliwa. Watoto wale nyumbani walisema Kinyambo. Bahari hawakupata kuiona, na neno “kasa” walilifahamu kwa kusoma saa tu: saa mbili kasa robo. “Ufuko” hawakulijua kabisa. Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka nilisahihisha sentensi ileile: Kasa hutaga mfukoni.

Kosa hilo halikubaki darasani. Jirani yangu, mzee aliyevuka Mto Kagera kutoka Rwanda akiwa kijana na kuzeekea katika migomba iliyopakana na yangu, alilipata kwa wajukuu zake, na hakuacha kunichokoza nalo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mwalimu Kasa Robo. Leo mfukoni mna mayai?”

“Ufukoni, mzee. Ni mchanga wa kando ya bahari.”

“Basi sema mchanga, tukuelewe.”

Hata hivyo alipenda nimsimulie nilichokiona mwenyewe nilipokuwa chuoni pwani: alfajiri moja, kasa akifukia shimo lake kwa mapezi ya nyuma, kisha akijikokota kuelekea majini, machozi mazito yakimtoka, asigeuke hata mara moja.

Katikati ya miaka ya tisini, vita vya ng’ambo ya Kagera vilipokwisha, wanawe walirudi kutoka sokoni Omurushaka na habari kwamba kila aliyeondoka zamani anapokewa huko Rwanda na kurudishiwa shamba la baba yake. Walitaka wahame wote, na mzee pia. Nikawauliza ni nani aliyeliona shamba hilo. Hakuwapo hata mmoja. Aliyewaambia naye aliambiwa.

“Mwalimu,” akasema mkubwa wao, “sisi hukutuona tukizaliwa, na tupo.”

Wenzake walicheka. Mzee hakucheka. Jioni alikuja barazani kwangu, akaketi.

“Yule kasa wako. Ni kweli anaurudia mchanga wa mamaye?”

“Kitabu kinasema hivyo.”

“Na wewe unasemaje?”

“Nilimwona akifukia mayai, nikamwona akiondoka. Alikozaliwa sikukuona.”

“Na akikuta mchanga umejengwa nyumba ya watu?”

“Sijui, mzee.”

 Nilitambua kwamba alihitaji neno moja la kumtuliza, aende au abaki, nami neno hilo sikuwa nalo. Nilikuwa nimechoka kusahihisha maneno ya watu. Sikutaka kuongeza langu.

“Basi nami siwaamini,” akasema hatimaye. “Nitakwenda nione kwa macho. Wewe nitunzie migomba. Nikilikuta shamba, nitapanda. Nikilikosa, nitarudi nile ndizi zangu.”

Siku ya kuondoka alipita kwangu amevaa koti lake la kanisani. Alinishika mkono, akauingiza katika mfuko wa koti. Vidole vyangu vilikuta mbegu za maharage.

“Kasa hutaga wapi, Mwalimu?”

“Mfukoni, mzee.”

Aliridhika, akawafuata wanawe barabarani.

Tangu hapo nimekuwa nikikata majani makavu katika mashamba mawili, na mgongo wangu haukuumbwa kwa mawili. Kwake napunguza machipukizi kama yeye alivyopunguza: kila shina naliachia mama, mtoto na mjukuu. Wasafiri huniletea habari zake. Mmoja alisema mzee amepata shamba, na maharage amekwisha kuyavuna. Mwingine alisema amezikwa. Wote wawili niliwauliza kama walimwona, na wote wawili walikuwa wamesikia.

Mwaka jana mtu kutoka kata ya Ndama alikuja kuniuliza kama migomba ile inauzwa, kwa kuwa haina mwenyewe. Nilimjibu kwamba mwenyewe yupo safarini, nikaendelea kupalilia.