Siku Lori la Serikali Lilipobeba Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sindano za kufumia, kibonge cha uzi mweupe na beseni la bati. Aliyenikabidhi ni Bwana Ustawi, Mwingereza mwembamba aliyesimamia mambo ya maendeleo ya jamii wilayani kwetu. Alivipanga vitu vile mezani taratibu, akakuna sikio, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni: "Binti, utawafundisha wanawake wa mjini kufuma na kuogesha watoto. Mambo ya wanaume usiyaingilie."

Nikajibu, "Ndiyo, Bwana." Ningesema nini? Nilikuwa msichana wa Kinyiramba, binti wa mwinjilisti, nimetoka shule ya misheni na viatu vya kuazima. Lakini moyoni nilijiuliza huyu bwana yeye aliogeshwa na nani hata adhani wanawake wetu wanasubiri kufundishwa na serikali.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bibi Maendeleo enzi za Mwingereza, na ninyi vijana mnaokwenda semina kwa gari yafaa mjue tulikoanzia. Baiskeli ya ofisi ilikuwa ya Bwana Maendeleo, mwenzangu wa kiume. Mimi nilikwenda kwa miguu, beseni kichwani.

Mji wenyewe sitautaja, kwa sababu wajukuu wa wakubwa wa wakati ule bado wapo, na mmoja wao ndiye anayeniuzia sukari. Ulikuwa mji mdogo wa reli upande wa Manyoni, wenye stesheni, maghala ya ngozi na nta, maduka ya Wahindi, msikiti, kanisa na soko lisilo na paa. Zamani palikuwa na tawi la reli lililotoka huko kwenda kaskazini. Serikali ikaona halina faida, ikang'oa vyuma na kuvipeleka kwingine. Watu walioviweka vile vyuma haikuwapeleka popote. Iliwaacha pale pale.

Hao walikuwa watu wa genge. Genge, kwa lugha ya reli, ni kikosi kinachotunza kipande chake cha njia: kukaza misumari, kujaza kokoto, kufukia pale mvua ilipokula tuta. Magenge mazima yalibaki bila kazi, na juu yao wakaongezeka vijana waliokimbia ukame vijijini. Asubuhi ungewakuta wamejipanga nyuma ya ghala wakisubiri gunia la kubeba. Wengi walirudi jioni kama walivyotoka.

Nilipanga chumba kwa Mama Kalunde, Mnyamwezi aliyekaanga maandazi ya kuuza stesheni. Mumewe, Saidi, alikuwa mnyapara wa genge, yaani kiongozi wa kikosi, mpaka reli ilipong'olewa. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono mipana, na jambo lililomuumiza kuliko njaa ni kukaa nyumbani mchana akimwangalia mkewe akikaanga.

Sijamaliza hata kufundisha soksi ya kwanza, ikatoka amri ya kusafisha mji. Kila mwanamume asiye na mwajiri angepakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao. Kwao Saidi, kwa mujibu wa serikali, ni Tabora. Alitoka huko akiwa mgongoni kwa mama yake.

Mama Kalunde aliniuliza huku akikanda unga, "Mwanangu, wewe uko karibu na wazungu. Watanichukulia mume wangu kweli?"

Nilitaka kusema hapana. Sikuweza, maana amri ile nilikuwa nimeisikia ikisomwa ofisini. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Ustawi, nikaingilia mambo ya wanaume.

Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuna sikio, akaenda kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, akarudi na jibu. "Bwana DC anasema huu si mji. Ni makabila yaliyopanga jirani. Wakiweza kukaa pamoja, waseme wenyewe shida yao ni nini na watafanya kazi gani, atawasikiliza kwenye baraza baada ya mavuno. Wasipoweza, lori litakuja." Bwana Maendeleo alikuwa amehamishiwa Singida na nafasi yake haijajazwa. Bwana Ustawi akanitazama, akatazama dirishani, akanitazama tena. "Basi," akasema, "weka sindano chini."

Kuunganisha mji ni kazi ya miguu kabla ya kuwa kazi ya mdomo. Kila kabila lilikuwa na chama chake cha kuzikana, na kila chama kilikuwa na mzee wake. Wanyamwezi walikuwa chini ya Mzee Kasele, fundi wa kushona mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Wagogo walikuwa na Mzee Chibago, mrefu, mwenye ng'ombe nje ya mji na fimbo ambayo hakuiacha hata akiingia dukani. Wanyaturu walikuwa na wazee wao, sisi Wanyiramba vilevile. Nilipita kote, nikapita msikitini na kanisani, nikapita kwa wenye maduka. Wote walinikaribisha, wote wakaahidi kuja.

Wakaja kweli, na mkutano ukafa mikononi mwangu. Nilimwomba kila mzee aeleze hali ya watu wake. Mzee Chibago akasimama. "Kwetu hakuna asiye na kazi. Mgogo ana ng'ombe." Mzee Kasele naye: "Sisi Wanyamwezi tumezoea kazi tangu zamani. Hatuna tatizo." Wanyaturu hawakuwa na tatizo. Hata wazee wangu wa Kinyiramba, ambao niliwajua mmoja mmoja na njaa zao, hawakuwa na tatizo. Nani atasimama mbele ya makabila mengine aseme watoto wake wanalala nyuma ya ghala? Tukanywa chai, tukaagana kwa heshima kubwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira hadi nikashindwa kula maandazi.

Kilichotuokoa ni msiba. Alikufa kuli mmoja wa Kigogo, mtu wa genge la zamani, na Wanyamwezi, ambao ni watani wa Wagogo, wakaja kuzika kama ilivyo desturi. Jembe la kwanza kaburini ni la mtani. Mzee Kasele alifika akijiliza kwa kelele za uongo, akasimama mbele ya wafiwa na kupaza sauti kwa salamu ya Kigogo:

"Mbukwenyi, Wagogo! Mmemfungia sanda nzuri leo. Juzi alipolala nyuma ya ghala bila shuka mlikuwa wapi? Na yule mpwa wake anayeokota karanga chini ya mabehewa, naye mnamngoja afe ndipo mumvishe?"

Nikashika mdomo. Wagogo wakacheka! Mzee Chibago, mwenye msiba, alifuta machozi akajibu, "Kasele, nyamaza na uchimbe. Nani asiyejua wanao wawili wanashindia uji wa jirani?" Wakaendelea hivyo, na mwisho wa mazishi yale nilikuwa nimejua hali ya mji mzima. Shida ambazo hakuna aliyeweza kuzisema za kwake, mtani wake alizitangaza mbele ya watu wote na hakuna aliyekasirika, kwa sababu mtani hakasirikiwi.

Niliitisha mkutano mwingine na kuweka sharti moja tu: hakuna kusema habari za kwenu. Kila kabila litasemewa na watani wake. Bwana Ustawi hakuelewa, lakini alikaa kimya kwenye kona, na hilo namshukuru mpaka leo. Mkutano ule ulisikika mpaka stesheni.

Walipokwisha kuchambuana, Saidi akanyoosha mkono akasema jambo ambalo watu wa genge walikuwa wakilizungumza siku nyingi. Tuta la reli iliyong'olewa lilikatiza korongo nje ya mji, na maji ya masika yalipita chini yake kwenye kalvati, yakapotea porini. Tukiziba kalvati, tukalinenepesha tuta kwa udongo wa mfinyanzi na kuchonga njia ya pembeni ya maji yanayozidi, tutapata lambo. Chini ya lambo, bustani. Abiria wa treni walikuwa wakiulizia nyanya na vitunguu kila siku, na mji hauna.

"Na wachimbaji watakula nini?" akauliza mmoja.

Mzee Kasele akaruka. "Chibago, nakutoza faini. Lile dume lako jeusi."

"Umejuaje kama nina dume jeusi?"

"Niliota."

Faini ya mtani haikataliwi. Dume jeusi likaja. Mzee Chibago naye akawatoza Wanyamwezi, "mliozaliwa na mzigo kichwani," wabebe udongo wa upande wote wa chini, ulio mgumu. Wanyaturu walichokozwa mpaka wakatoa mtama. Wenye maduka waliazimisha majembe na makarai, misheni ikamtoa fundi wake wa mawe, na wanawake wangu wa darasa la kufuma wakapika kwa zamu. Kazi ikaanza.

Siku ya baraza ilipofika tuta lilikuwa limefika nusu. Bwana DC alikuja na kofia yake ya jua, na nyuma yake likaja lori, likaegeshwa kando na askari wake. Mama Kalunde alikuwa amefunga kanzu mbili za mumewe kwenye kitambaa, iwapo litatokea la kutokea.

Mzee Kasele akapewa nafasi ya kuwasemea Wagogo. Aliinuka, na alipoinuka tu Mzee Chibago akamnyang'anya kofia, akaivaa, akakalia kiti chake. Kasele akaanza kumtukana yeye, ng'ombe wake na fimbo yake. Wagogo wakajibu kwa kelele. Uwanja mzima ukavurugika kwa vicheko na makelele, na Bwana DC, ambaye alielewa maneno lakini hakuelewa utani, akasimama.

"Nilisema!" akamgeukia Bwana Ustawi. "Watu hawa hawawezi kukaa pamoja. Askari, tawanya!"

Sikuwa na ruhusa ya kusema barazani. Nilisema. "Bwana DC, samahani, hawa hawagombani. Hivi ndivyo wanavyopatana."

Alinitazama kwa mshangao. Pengine ndiyo kwanza anaona kwamba nipo. "Kama wanapatana," akasema, "niambieni." Akamnyooshea kidole Saidi, aliyesimama mstari wa mbele na jembe lake. "Mtu huyu ni Mnyamwezi. Hana mwajiri. Ni mtu wa nani hapa?"

Kabla Mnyamwezi yeyote hajafungua kinywa, Mzee Chibago aliinuka, kofia ya Kasele bado iko kichwani.

"Wetu," akasema. "Huyu ni wa Wagogo."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana. Mimi ni mtani wake. Akifa nitamzika. Nikifa mimi, yeye na wenzake ndio watakaonichimbia." Akaelekeza fimbo kwenye lori, na sasa hakuwa akitania hata kidogo. "Ukiwabeba hawa, Bwana DC, uniambie kwanza. Sisi nani atatuzika?"

Kisha sauti za Wagogo zikaitikia, "Wetu! Wetu!" Wanyaturu wakadakia, wakaanza kuwadai watani wao kwa majina, na watu wangu wa Iramba nao, mpaka kila mtu wa genge aliyesimama pale akawa na watu waliomwita wa kwao. Mama Kalunde alikuwa analia wazi wazi. Mimi pia nililia, na sikujali nani ananiona.

Bwana DC alikaa. Akavua kofia, akaivaa tena. Akaomba apelekwe kwenye korongo, akatembea juu ya tuta, akamuuliza Saidi maswali na Saidi akayajibu kwa utulivu, mtu na mtu mwenzake. Mwisho akamwita dereva wa lori.

"Lina mafuta ya kutwa nzima," akatuambia. "Udongo uko wapi?"

Lori lililokuja kuwachukua lilibeba udongo mpaka jua likazama, na watu waliokuwa wapakiwe ndio waliolipakia, wakiimba. Masika yalipokuja tulikwenda wote kutazama maji yakipanda, yakigusa mfinyanzi na kutulia. Nilifurahi, jamani. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Bustani zikafuata, na chama cha wauza mboga, na paa la soko. Saidi akawa mnyapara tena, safari hii wa lambo. Si kwamba kila mtu alipata kazi, lakini nyuma ya ghala pakabaki mbuzi tu. Amri ya kusafisha mji haikusomwa tena kwetu.

Mimi nikahamishwa: Issuna, kisha Mkiwa, kisha Kilimatinde, ambako mkubwa wangu alikuwa Bibi Maendeleo Mkuu, mama mkali aliyenikagua mpaka kucha. Siku ya kwanza aliniuliza nikifika mahali pageni naanzia wapi. Nikamwambia, "Naulizia nani ni mtani wa nani." Akaandika pembeni, na baadaye nikamsikia akiwafundisha wengine kana kwamba ni wazo lake. Sikumdai. Uhuru ulitukuta kazini, na nikaendelea mpaka nywele zikawa kama ule uzi wa siku ya kwanza.

Baada ya kustaafu nilirudi kuishi kwenye mji ule ule. Wenzangu wa kustaafu hulalamika kwamba hakuna anayewakumbuka. Mimi nikitaka kukumbukwa naenda lamboni, nakuta watoto wanateka maji bila kujua mimi ni nani, nami naridhika kabisa.

Saidi alikufa akiwa mzee, kitandani kwake. Nilikuwa ndani na Mama Kalunde, yeye amejifunika kanga, wakati wanaume wanakwenda makaburini. Wagogo walifika wa kwanza na majembe, wakiongozwa na mtoto mkubwa wa Mzee Chibago, ambaye baba yake alichimbiwa kaburi na Saidi huyo huyo. Waliporudi, alikuja kusimama mlangoni, udongo bado uko mikononi mwake.

"Mama Kalunde!" akapaza sauti. "Usiwe na hofu. Mumeo tumemficha mahali ambapo lori halifiki!"

Mama Kalunde akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akaniambia niwapelekee watani chakula.