Mwenzako Yuko Fiti?

Nimechoka kuulizwa kama sisi wanafunzi tunaocheza mpira huwa hatuioni hatari. Tunaiona sana. Ila tunachoogopa hasa ni benchi, kwa sababu goti hupona lakini nafasi ikishachukuliwa hairudi.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Thika, beki wa timu ya chuo. Kocha wetu alikuwa amechoshwa na uongo. Ukimuuliza mchezaji kama ameumia, anarukaruka papo hapo kuonyesha yuko sawa, na huku machozi yanamlenga. Basi kocha akatupanga wawili wawili, na kabla ya kila mechi hakukuuliza hali yako. Alikuuliza ya mwenzako. Mzee wa watu aliamini ni vigumu kudanganya juu ya mwili usio wako. Kumbe alikuwa ametufungulia biashara: nifiche, nikufiche.

Mwenzangu alikuwa kipa, na tulikaa chumba kimoja. Alijua jinsi goti langu lilivyovimba baada ya kila mazoezi, maana nilililoweka kwenye beseni letu la kufulia naye akingoja zamu yake.

Jumatano moja, kocha akiwa ameshaondoka, kipa aliruka kudaka krosi akagonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Akalala kidogo, akainuka, tukamcheka. Tukirudi akaniuliza Jumamosi tunacheza wapi. Nikamwambia Gatuanyaga. Tulipofika kwa mama wa chapati akaniuliza tena. Chumbani akauliza mara ya tatu, kisha akatapika.

"Usiniseme bana," akaniambia. "Hata mimi sitakusema."

Nilijua si sawa. Kwa hilo sitajitetea.

Jumamosi kocha alipita kwenye mstari na karatasi yake, vumbi la Gatuanyaga likitupiga usoni. Akasimama mbele yangu.

"Mwenzako?"

"Yuko fiti, kocha."

Akamgeukia kipa. "Na wako?"

"Huyu? Huyu ni chuma."

Kocha akaandika majina yetu. Alionekana ameridhika, na hilo bado huniuma.

Kipindi cha pili mshambuliaji wao alimkumba kipa kwa bega, jambo la kila mechi. Hakuinuka. Tulimbeba hadi kwenye pikapu ya maziwa iliyokuwa imeegeshwa kando ya uwanja, tukamkimbiza hospitali Thika. Njia nzima nilikishika kichwa chake kisigonge bodi, kana kwamba ndipo nimeanza kukijali.

Siku nne hakuongea jambo la kueleweka. Aliporudiwa na fahamu vizuri, Jumatano yote ilikuwa imefutika: mlingoti, matapishi, hata tuliyoambiana. Niliyajua hayo siku mama yake alipofika kutoka Kakamega. Alinikuta nimesimama kando ya kitanda, akamuuliza mwanawe mbele yangu, "Kwani hao wenzako hawakuona ulikuwa mgonjwa?"

"Mama, huyu tunakaa naye chumba kimoja," akasema polepole. "Angejua, angesema."

Mama akanitazama. Akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pekee kilichokuwapo, akakipangusa kwa kiganja.

"Keti, mwanangu. Asante kwa kuniangalilia mtoto."

Nikaketi. "Ni kawaida tu, mama," nikasema.